Barabara za Kalemie, kutoka njia ya msafara hadi RN5

Kalemie iko kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani kuelekea Lualaba. Tangu mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa, ndiyo makao makuu ya jimbo la Tanganyika, lenye maeneo sita ya utawala: Kalemie, Moba, Manono, Kabalo, Kongolo na Nyunzu. Njia nyingi hukutana hapo. Reli hufika kutoka Kabalo, bandari inatazamana na Kigoma ng'ambo ya ziwa, barabara ya taifa RN5 inapita kutoka Uvira kaskazini hadi Moba na Pweto kusini, na RN33 inakwenda magharibi hadi Nyunzu. Hata hivyo, masika yanapokolea, mkulima wa mahindi wa Nyunzu au wa nyanda za Marungu anaweza kukaa wiki nyingi bila kuona lori. Sababu za hali hiyo zimo katika historia ya njia hizo: nani alizifungua, kwa ajili ya shehena gani, na nani aliachiwa kazi ya kuzitunza.

Kabla ya karne ya 19 kwisha, hakukuwa na barabara ya magurudumu mahali popote katika nchi hiyo. Kulikuwa na vijia vya miguu vyenye upana wa mtu mmoja, vilivyofuata migongo ya vilima na vivuko vya mito. Waholoholo, Watabwa, Waluba na Wahemba walivitumia kubadilishana samaki wakavu wa ziwani, chumvi, majembe na mafuta ya mawese. Biashara ya pwani ilipofika ziwani, vijia hivyo viliunganishwa na njia kuu ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Kutoka Ujiji misafara ilivuka kwa majahazi na mitumbwi hadi Mtoa, kaskazini kidogo ya Kalemie ya leo, kisha ikaelekea Kasongo na Nyangwe katika nchi ya Manyema. Miongoni mwa wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858. Livingstone alikuwa Nyangwe mwaka 1871. Cameron aliuchunguza mdomo wa Lukuga mwaka 1874 kabla ya kuendelea Manyema.

Mizigo ya kwenda bara ilikuwa nguo, shanga, baruti na bunduki. Mizigo ya kurudi ilikuwa pembe za ndovu na watu waliotekwa, ambao mara nyingi ndio waliobebeshwa hizo pembe. Njia iliyostawisha Ujiji na Kasongo ilikuwa hiyohiyo iliyohamisha vijiji vya magharibi ya ziwa. Wenyeji waliokuwa karibu nayo walijenga maboma au walikimbilia milimani, na kuwa mbali na njia kukawa usalama. Hofu hiyo ya njia ilikuwa na msingi, na ilirudi tena na tena katika miaka iliyofuata.

Wazungu waliofika kukaa walianza na ngome za ufukoni. Mwaka 1883 Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika cha Mfalme Leopold II, alijenga kituo Mpala, kusini ya Kalemie, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa Mapadri Weupe. Mwishoni mwa 1891 Kapteni Jacques alifika kwa jina la vita dhidi ya biashara ya watumwa, akaanzisha kituo alichokiita Albertville. Kati ya 1892 na 1894 majeshi ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold yaliwashinda wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Manyema, na misafara mikubwa ikakoma. Mazao ya mashariki ya Kongo sasa yalisukumwa magharibi, kwenye mto Kongo na bandari za Atlantiki.

Lakini mto huo una maporomoko. Kuanzia Kisangani ya leo kupanda juu, Lualaba inakatika mara kadhaa, na meli haiwezi kupita moja kwa moja. Kwa ajili hiyo iliundwa mwaka 1902 kampuni ya reli iliyojulikana kwa kifupi kama CFL, chini ya Baron Empain, ipate kujenga reli pale tu mto usipopitika. Kipande cha kwanza, kati ya Stanleyville (Kisangani) na Ponthierville, kilifunguliwa mwaka 1906. Cha pili, Kindu hadi Kongolo, kilimalizika mwishoni mwa 1910. Cha tatu kiliondoka mtoni na kuelekea mashariki, kutoka Kabalo kufuata bonde la Lukuga hadi ziwani, urefu wa kilomita 273. Kilifika ufukoni Machi 1915, na mji wa Albertville, Kalemie ya leo, ukakua kwenye kituo chake cha mwisho.

Wajerumani walikuwa wamewatangulia. Reli yao kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma Februari 1914, na vita vilipoanza Agosti mwaka huo meli yao Hedwig von Wissmann ilishambulia ufuko wa Lukuga na kuiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Ziwa likawa la Wajerumani. Jibu la Waingereza lilikuwa safari inayoonyesha, zaidi ya maelezo yoyote ya wahandisi, jinsi nchi hiyo ilivyokuwa bila barabara. Boti mbili za injini, Mimi na Toutou, zililetwa kwa meli hadi Cape Town, zikapandishwa treni hadi Fungurume katika Katanga, mahali reli ilipokuwa imefika. Mbele yake kulikuwa na milima ya Mitumba. Mamia ya wafanyakazi Waafrika walikata miti, wakapasua njia msituni na kujenga madaraja ya magogo zaidi ya mia moja. Boti zilivutwa na matrekta ya mvuke, na mahali matrekta yalipokwama zilivutwa na ng'ombe. Katika miteremko zilishushwa kwa kamba zilizozungushwa kwenye mashina ya miti. Kazi hiyo ilichukua Agosti na Septemba 1915, wakati wa kiangazi. Mvua zingewahi, boti zingebaki milimani. Kutoka Sankisia, njia hiyo ilipoishia, zilipanda reli hadi Bukama, zikashuka Lualaba hadi Kabalo, kisha zikabebwa na reli mpya hadi ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Madaraja yale ya magogo hayakukusudiwa kudumu. Maelfu ya wapagazi waliobeba vyakula na risasi za jeshi la Wabelgiji kuelekea Kigoma na Tabora mwaka 1916 nao hawakuachiwa barabara yoyote. Kilichobaki baada ya vita kilikuwa reli, bandari, na mkataba. Mwaka 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji haki ya kupitisha mizigo bila ushuru katika nchi ya Tanganyika, ng'ambo ya ziwa, pamoja na viwanja vya kudumu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Kwa miaka michache Albertville ilikuwa lango kubwa la mashariki, na sehemu ya shaba ya Katanga ilipita hapo kwa mto, reli na ziwa hadi Bahari ya Hindi. Kisha reli ya kwenda Ilebo ilimalizika mwaka 1928, na reli ya Benguela ya kwenda Lobito mwaka 1931. Shaba ikageukia magharibi. Albertville ilibaki na bandari kubwa kuliko kazi iliyokuwa nayo.

Barabara za magari zilianza kukatwa katika miaka hiyo ya ishirini na thelathini, na zilitoka kwenye reli kama vijito. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kukusanya pamba. Kilimo cha lazima cha pamba kilikuwa kimeanza Kongo mwaka 1917, na kaskazini ya Katanga, hasa upande wa Kongolo na Kabalo, ikawa nchi ya pamba. Gunia la pamba halibebeki na mtu kwa siku tano kisha likaleta faida. Lilihitaji lori, na lori lilihitaji barabara hadi kwenye soko la kijiji. Vijiji vyenyewe vilihamishwa. Watu waliokuwa wametawanyika mabondeni na vilimani waliamriwa kujenga nyumba zao kwa safu kando ya barabara, wahesabiwe na kutozwa kodi kwa urahisi. Ramani ya vijiji vingi vya jimbo hilo leo ni matokeo ya amri hiyo.

Namna barabara hizo zilivyotunzwa inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa mabishano yote ya baadaye yanarudi hapo. Ardhi ya jimbo ni ya udongo mwekundu, mgumu kama tofali wakati wa jua na laini kama sabuni wakati wa mvua. Barabara ya udongo huo inaweza kudumu miaka mingi kwa sharti moja, yaani maji yasikae juu yake. Kwa hiyo katikati yake hujengwa mgongo ili maji yateremke pande zote mbili. Kandokando huchimbwa mitaro. Na kila hatua kadhaa mtaro hufunguliwa kuelekea porini ili maji yaondoke kabla hayajapata nguvu. Miti ya kando hufyekwa ili jua likaushe njia mapema. Hakuna mashine inayohitajika hapo. Jembe, sururu, panga na karai vinatosha, ila kazi lazima ifanywe kila mwezi. Mtaro ukizibwa na majani kwa msimu mmoja, maji hupanda barabarani na kuchimba mfereji mdogo. Lori la kwanza hutumbukiza gurudumu humo. La pili huongeza kina. La tatu hukwama, na dereva huzunguka kando na kuubomoa mtaro uliosalia. Baada ya masika mawili au matatu njia huwa shimo refu lililo chini kuliko mashamba.

Wakoloni walilijua hilo vizuri. Kila kipande cha barabara kilikuwa na vibarua wake chini ya chifu, na kwenye barabara kuu kulikuwa na malango ya mvua, ambapo malori mazito yalizuiwa kwa saa kadhaa baada ya mvua mpaka udongo ukauke. Barabara zilikuwa nzuri, na wazee wengi wamezisifu. Lakini sheria ya 1933 juu ya tawala za wenyeji iliruhusu kila mwanamume kijijini kutozwa hadi siku 60 za kazi za lazima kwa mwaka, na vita vilipokuja, mwaka 1942, siku hizo zikapandishwa hadi 120. Asiyetokea alifungwa. Ubora wa barabara za ukoloni ulilipiwa kwa siku za watu wasiokuwa na gari, na wala hawakuwa na haki ya kuamua barabara ipite wapi. Kuzisifu bila kutaja gharama hiyo ni kuwadhulumu waliozichimba.

Karibu na mji wenyewe viwanda vilijitengenezea njia zao: makaa ya mawe ya Greinerville, saruji ya Kabimba kusini, kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilichoanzishwa baada ya Vita vya Pili, na bwawa la umeme la Bendera kaskazini. Mwaka 1955 upana wa reli ya CFL ulibadilishwa ulingane na ule wa Katanga, na mwaka 1956 kipande cha kuunganisha Kabalo na Kamina kikafunguliwa. Miaka minne ya mwisho ya ukoloni ndiyo iliyokuwa bora kuliko yote kwa usafiri wa Kalemie: nguo za Filtisaf ziliweza kupakiwa kiwandani na kufika Lubumbashi kwa treni bila kuhamishwa behewa.

Uhuru ulipofika Juni 1960, Katanga ikajitenga mwezi uliofuata. Waluba wa kaskazini waliupinga utawala wa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, na silaha yao ya kwanza ilikuwa kuikata barabara. Vijana walichimba mahandaki, waliangusha miti na kuvunja madaraja ili askari wa Tshombe wasivifikie vijiji. Tarehe 8 Novemba 1960 kikosi cha askari 11 wa Ireland, waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa, kilitoka Niemba kwenda kukagua barabara iliyozuiwa. Walifika kwenye kijito cha Luweyeye, wakakuta daraja limevunjwa. Walishuka magari yao, na hapo wakavamiwa na watu waliowadhania kuwa maadui. Tisa walikufa, wawili waliokoka. Nchini Ireland tukio hilo bado hukumbukwa kila mwaka. Kwa historia ya barabara linaonyesha jambo ambalo wapangaji wa miradi huwa hawaliandiki: mwanakijiji aliyezoea kuona barabara ikileta mtoza kodi na askari anaweza kuamini kwamba daraja lililovunjika linamlinda.

Mwaka 1964 waasi wa Simba waliushika mji kwa miezi michache, na mwaka 1965 mwanamapinduzi Che Guevara, aliyevuka kutoka Kigoma, alishiriki kupanga shambulio lililoshindwa kwenye kituo cha umeme cha Bendera. Milima ya Fizi iliendelea kuwa maficho ya waasi kwa miaka mingi, na barabara ya kwenda Uvira ikapoteza wasafiri.

Enzi ya Rais Mobutu iliunda mashirika: Office des Routes, ofisi ya serikali ya barabara, mwaka 1971, na shirika la reli, SNCC ya leo, mwaka 1974. Pigo kubwa zaidi kwa barabara za vijijini, hata hivyo, lilitoka kwenye amri ya Novemba 1973 iliyonyang'anya wafanyabiashara wa kigeni mali zao. Wagiriki, Wareno na Wahindi waliokuwa na maduka na malori madogo kote bara walikuwa wakinunua mahindi, karanga na pamba moja kwa moja vijijini. Maduka yalipopewa watu wenye vyeo, mengi yalifilisika, na malori yakasimama kwa kukosa vipuri. Lori lisipokuja, hakuna anayeona sababu ya kuzibua mtaro. Salongo, kazi ya lazima ya pamoja iliyohubiriwa na serikali, haikuziba pengo hilo: wanakijiji waliifahamu tangu wakati wa Wabelgiji.

Vita vya 1996 hadi 2003 vilimaliza kilichobaki. Kuanzia 1998 Kalemie ilikuwa mikononi mwa kundi la waasi la RCD na jeshi la Rwanda, mstari wa mapigano ulipita magharibi na kusini ya mji, na treni hazikupita. Uchumi wa bara ulibebwa na baiskeli. Mtu alifunga magunia mawili au matatu ya mahindi au madumu ya mawese, akaweka kijiti kirefu kwenye usukani, akaisukuma kwa siku nyingi hadi ziwani, na kurudi na chumvi, sabuni na dagaa. Njia zikarudi kuwa na upana wa mtu mmoja, kama za karne ya 19.

Kufunguliwa upya kulianza baada ya amani ya 2003 na kupata fedha za kutosha mwaka 2008, mradi wa Pro-Routes ulipoidhinishwa na Benki ya Dunia kwa msaada wa Uingereza. Miongoni mwa njia zake ilikuwa RN5 kutoka Uvira kupitia Fizi, Kalemie na Pweto hadi Kasomeno. Mradi huo haukuleta lami. Ulirudisha barabara ya udongo, mitaro, kalvati na madaraja, na hesabu yake ilikuwa sahihi: kwa fedha za kilomita moja ya lami hufunguliwa kilomita nyingi za udongo. Mwaka huohuo serikali iliunda FONER, mfuko wa matunzo unaolishwa na tozo ya mafuta na ada za barabarani. Vijijini ziliundwa kamati za wenyeji zilizojulikana kama CLER, zilizolipwa kuzibua mitaro na kufyeka kando. Kazi ni ileile ya vibarua wa 1933. Tofauti ni malipo, na ni tofauti kubwa. Fedha zilipofika kwa wakati barabara zilidumu. Mradi ulipokwisha na malipo kukatika, majembe yaliwekwa chini.

Mapigano kati ya Watwa na Waluba, yaliyoenea kuanzia 2016, yalifukuza mamia ya maelfu ya watu kutoka vijiji vya Kalemie, Nyunzu na Manono, na kamati nyingi zilitawanyika pamoja na vijiji. Wasafiri wengi walihamia ziwani, na ziwa lina bei yake: tayari Desemba 2014 meli Mutambala, iliyojaa abiria na mizigo, ilizama upande wa Kalemie na kuua zaidi ya watu 120. Tangu 2020 ziwa lenyewe limepanda, na mwaka 2024 maji yaliingia bandarini na kwenye mitaa ya chini ya mji.

Sasa macho yamerudi Kalemie kwa sababu mbili. Ya kwanza ni lithiamu ya Manono, mji ulioishi kwa bati tangu wakati wa kampuni ya Géomines, na ambao unatafuta njia ya kutolea mzigo mpya mzito. Ya pili iko ng'ambo. Tanzania imejenga bandari mpya Karema, mkabala na pwani ya Kalemie na Moba, na Desemba 2022 ilitia saini mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma. Mipango yote miwili inahusu shehena inayopita, kama ilivyokuwa kwa pembe za ndovu, shaba na pamba. Madini yanaweza kulipia barabara kuu ya Manono hadi ziwani. Hayatalipia kijia kinachotoka RN33 kuingia mashambani Nyunzu, wala kile kinachoshuka kutoka Marungu hadi bandari ya Moba, na huko ndiko chakula cha jimbo kinakolimwa. Vijia hivyo vinahitaji fungu lao la kudumu katika FONER na katika bajeti ya jimbo, lilipwe kwa kamati za vijiji kila mwezi, kuanzia kabla ya Oktoba, mvua zinapoanza. Kwa sasa sehemu kubwa ya RN5 na RN33 ndani ya jimbo bado ni udongo.